Pale Anapofuta Ubao

Mama alikuwa mtu wa kutazama. Kazi yake ndiyo iliyomfunza. Mhudumu wa wodi hana wa kumwuliza wala wa kumjibu. Ana ndoo, ana tambara, ana macho. Miaka nenda rudi amepitisha tambara lake chini ya vitanda vya wagonjwa, mpaka akazoea kumjua mtu anayesema "sijambo" huku ameuma meno. Siku moja ya zamani alithubutu kufungua mdomo, na sista mkubwa wa wodi akamwambia, bila ukali wowote, "Mama, kazi yako iko sakafuni." Basi akabaki na sakafu yake, na yale aliyoyaona akamwambia Mungu.

Nyumbani nako alitazama, na mwaka ule aliyemtazama zaidi ni binti yake.

Binti alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma hesabu. Tena si hesabu za kujumlisha na kutoa, ambazo mama naye alizisoma katika shule ya msingi akazipenda. Lilikuwa somo liitwalo aljebra dhahania, ambalo ukilitazama daftarini huoni namba hata moja. Ni herufi tupu zinafukuzana. Binti alikwisha kulifeli mara moja. Na kanuni ya chuo ilikuwa haina kona: somo la lazima ukilifeli mara ya pili, unafungasha virago. Huna mwaka wa nne, huna cheti, unarudi kwenu na begi lako na hadithi ya kueleza majirani.

Wala hakufeli kwa kutojua. Alifeli kwa sababu ya macho ya watu. Mhadhiri wa somo lile, mzee mwembamba ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Kwa-Nini, hakuridhika na mtihani wa karatasi. Mwanzo wa muhula humpa kila mwanafunzi jambo lake moja la kuthibitisha. Ukae nalo, ule nalo, uoge nalo. Mwisho wa muhula anakusimamisha ubaoni mikono mitupu, mbele yake na mbele ya mhadhiri mwingine aliyealikwa kutoka chuo kingine, useme hatua kwa hatua jinsi jambo lile lilivyo kweli. Na kila ukipiga hatua, mzee anauliza neno lake moja: kwa nini? Mwaka uliopita binti alisimama, akatazamwa, ulimi ukagoma. Akatoka na chaki mkononi hajaandika hata mstari.

Ndiyo maana safari hii alimjia mama, akamwomba.

"Mama, nimechoka kuuambia ukuta. Ukuta hauna macho. Nataka mtu wa kunikodolea."

"Mimi sijui hata unachokisema, mwanangu."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Wewe nikodolee tu."

Basi ikawa ndiyo kazi yao ya jioni. Mama akirudi kutoka hospitali, kabla hajavua sare, anaketi ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na binti anasimama mbele ya ubao. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la zamani, kaka mtu ameupaka rangi nyeusi na kuuegemeza ukutani. Huyo kaka alikuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti, na jioni alirudi macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, kumbe ni cheche tu.

"Tuna kundi," binti alianza siku ya kwanza, sauti inatetemeka kama ya mtoto anayeimba peke yake kanisani.

"Kundi la nini?"

"La chochote, mama."

"Hata mbuzi?"

"Mama! Umesema utanikodolea tu."

"Nimekodoa. Macho yanauliza."

Kaka alikuwa mlangoni anavua buti. "Profesa," akasema, maana hilo ndilo jina alilomwita dada yake tangu aingie chuo, "hilo kundi lina mweka hazina? Maana makundi yote ya mtaa huu yamevunjikia kwa mweka hazina."

Wakacheka wote watatu, na binti alipoanza tena sauti ilikuwa imekaa sawa. Akawaeleza kwa maneno ya nyumbani. Ndani ya kundi kubwa kuna kundi dogo la namna maalumu. Hilo dogo linaligawa lile kubwa mafungu mafungu, yote sawa kwa ukubwa. Yeye kazi yake ni kuonyesha kwamba mafungu yenyewe yanaweza kuzidishwa, fungu kwa fungu, kama vile ni vitu vizima, na yakawa kundi jipya.

"Fungu lina watu kibao," kaka akasema. "Utazidishaje lundo?"

"Huchukui wote. Unachagua mwakilishi. Mmoja anasimama badala ya fungu lake."

"Na ukimchagua mwingine?"

"Jibu libaki lile lile. Awe huyu, awe yule, wametoka fungu moja."

"Na lisipobaki?"

"Basi huna kitu mkononi."

Kaka aliutazama ubao kitambo, mdomo uko wazi kidogo kama anayetaka kusema neno. Halafu akachukua sabuni, akatoka kwenda kunawa. Alikaa huko bombani muda mrefu kuliko mikono yake ilivyohitaji.

Mama alijua. Baba yao alipofariki, watoto wawili wote walikuwa shuleni, na nyumba isingeweza kusimama bila mmoja kuingia kazini. Ni yeye aliyechagua. Mvulana alikuwa mkubwa, ana mikono. Msichana alikuwa mdogo. Lakini mvulana hakuwa mzito wa kichwa, hata kidogo, na mama alijua hilo siku ile kama anavyolijua leo. Kijana hakuuliza kwa nini, naye hakumweleza. Kila anaposali huwataja wote wawili kwa pumzi moja, Mungu asije akadhani kwamba amewatenga.

Mazoezi yakaendelea, na binti akanawiri. Mgongo ulinyooka. Mama alianza kuyajua maneno yale kwa mpangilio wake kama anavyozijua nyimbo za ibada kwa lugha asiyoielewa: linakuja kundi, linafuata kundi dogo, yanafuata mafungu, anafuata mwakilishi. Na ni pale, kwa mwakilishi, alipoanza kuona kitu.

Binti akifika hapo sauti ilipanda. Ilipanda na kukimbia, kama mtu aliyebeba sinia anayepita mahali penye mtelezo. "Tunachukua mwakilishi yeyote, tunazidisha, tunapata fungu," akasema, akageuka, akachukua kitambaa, akafuta ubao mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Kisha akageuka tena na sauti yake ya kawaida, akaendelea.

Siku ya kwanza mama alidhani ni vumbi la chaki. Siku iliyofuata akaangalia vizuri: ubao ulikuwa mweusi, msafi, na binti alikuwa akifuta. Siku nyingine tena, pale pale. Huyu mtoto alipokuwa mdogo, akivunja kitu, alikuwa akija kueleza habari ndefu ya paka huku mkono wake unapangusa meza. Mama alikumbuka, na maji ya beseni yakawa baridi asiyasikie.

Angesema nini? Kwamba yeye, aliyeishia shule ya msingi, ameona kosa katika kitu asichokijua? Wala hakuona kosa. Aliona mkono tu. Alikwenda kazini na jambo hilo, akapiga deki nalo, akasimama kwenye korido ya wodi akiegemea mpini wa fagio huku manesi wakipita. Kulikuwa na mzee mmoja kitanda cha dirishani ambaye kila daktari akigusa ubavu wa kushoto alianza kusimulia habari za shamba lake. Mama akamwangalia yule mzee akamwona binti yake.

Akasali. Hakupata jibu, ila alipata usumbufu, na kwa mtu wa imani kama yeye usumbufu usioondoka nao ni jibu la namna yake.

Jioni ile, binti alipofika pale, akafuta ubao, mama akatoa miguu kwenye maji.

"Mwanangu, hapo kwa mwakilishi unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Hapo unafuta. Kila siku unafuta na hakuna cha kufuta."

Binti alishusha mkono. Uso wake ulijaa damu. "Mama, nimekuomba uniangalie. Sikukuomba unisahihishe. Wewe umeishia shule ya msingi! Unajua mimi nimeyalalia haya miezi mingapi? Unajua ninachopigania? Watanifukuza, mama. Watanifukuza, na wewe unahesabu ninavyofuta ubao!"

"Sijui kitu, mama," yule mama akajibu, maana ndivyo alivyomwita binti yake akitaka kumtuliza. "Nimeuliza tu."

Binti aliitupa chaki kitandani, akaingia chumba cha pili, akavuta pazia. Mama akamwaga maji nje. Kaka alikuwa hajarudi. Afadhali, mama alijisemea.

Siku mbili nyumba haikuwa na mazoezi. Ya tatu, mama aliporudi alimkuta binti mezani, mbele yake vikombe vitatu, vimejipanga mstari. Kimoja cheupe, kimoja cha bati, kimoja chenye mkono uliovunjika. Macho ya binti yalikuwa yameingia ndani.

"Kaa, mama. Nikuonyeshe."

Mama akaketi na mkoba begani.

"Hili ni kundi la kuhamisha vikombe. Kila namna ya kuvihamisha ni mwanakundi mmoja. Fungu hili lina wawili. Mmoja ni yule asiyegusa kitu, anaviacha vilivyo. Mwenzake anabadilisha vikombe viwili vya kwanza. Hao wawili ni fungu moja, umeona?"

"Nimeona."

"Sasa nazidisha na fungu jingine. Namtuma mwakilishi. Nikimtuma asiyegusa kitu, vikombe vinaishia hivi." Akavipanga. "Sasa namtuma mwenzake, wa fungu lile lile." Akavirudisha vilivyokuwa, akavihamisha tena, na mara hii kikombe cha bati kikaishia mahali pengine kabisa. "Na mipangilio hii miwili haiko fungu moja. Nimepiga hesabu, nimerudia, nimepiga tena. Haiko. Jibu linategemea nimemtuma nani."

"Na wewe ulikuwa unamtuma nani?"

"Yule asiyegusa kitu. Siku zote nilimtuma yeye, kwa sababu na yeye kila kitu kinakubali." Alivisukuma vikombe. "Uthibitisho wangu wote umekaa juu ya hapo, mama. Ule wote. Nimedai nilichotakiwa kukionyesha. Jambo lenyewe ni kweli kwa kundi dogo la namna ile maalumu, hilo najua, liko vitabuni; hili la vikombe si la namna hiyo, lakini njia yangu haikuyatofautisha. Kuna njia yake. Lakini njia yangu si njia, na nyingine siioni."

"Utaiona. Siku bado zipo."

"Siku zenyewe ndizo hizi."

Akazitumia zote. Aliandika akafuta, na safari hii alikuwa na cha kufuta. Alikula kwa kusukumwa. Alizungumza na ubao, halafu akanyamaza nao, na mama alipomtazama binti alisema, "Usinitazame, tafadhali," kwa upole uliomuumiza mama kuliko zile kelele za mwanzo.

Jumamosi, kabla ya wiki ya mtihani, alikuja mwenzake wa darasani, msichana mnene mwenye kicheko, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alikaa kwenye mkeka, akasikiliza habari yote ya mwakilishi na vikombe, akapiga goti lake kofi.

"Sasa wewe shida yako nini? Wa mwaka jana wawili wamepita na tundu hilo hilo!"

"Unajuaje?"

"Mimi si Redio? Sikiliza. Yule mzee mchana ameshachoka, wa chuo kingine anawahi usafiri. Mzee akikuuliza kwa nini, anauliza kwa mazoea, kama mtu anayekohoa. Wewe mjibu kwa sauti: 'Kwa maana yenyewe ya fungu.' Neno zito hilo! Halafu geuka, futa ubao kidogo, endelea. Umepita. Njia ya kweli utaitafuta ukiwa na cheti."

"Ni uongo lakini."

"Uongo ni kusema kitu si kweli. Jambo lenyewe si ni kweli? Basi! Wewe umekosa njia tu, umefika nyumbani kwa kupitia dirishani." Akageuka kwa mama, anacheka. "Si ndiyo, mama? Mwambie mwanao."

Mama alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Kaka ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, na hapo ndipo alipoijua habari yote.

"Mwenzako anasema kweli, Profesa. Sema upite."

Redio aliona hewa imebadilika, akaaga upesi. Binti akamsindikiza, na kaka akabaki na mama yao chumbani.

"Kwa hiyo ni wewe, mama, uliyemvuruga."

"Nilimwuliza swali, baba."

"Alikuwa anasimama vizuri. Mimi nilimwona. Mwaka jana hakuweza kufungua mdomo, mwaka huu anaimba kama kinanda, wewe ukaenda ukamwuliza swali." Hakupandisha sauti. Aliongea huku akitazama mikono yake yenye makovu ya moto. "Mimi nilikaa nje ili huyu aingie. Sijawahi kusema, leo nasema. Nilikaa nje. Na nilikaa nikijua kwamba mmoja wetu ataingia mpaka ndani. Sasa amefika mlangoni, unamshika shati."

Mama alitaka kusema kwamba hakumshika. Alitaka kusema mengi, ya siku ile alipochagua, na mengine ya kabla. Alichosema ni, "Na akipita kwa tundu, baba, atakaa humo ndani namna gani?"

"Kama watu wengine wote wanavyokaa," kijana akasema, akatoka.

Siku ya mtihani mama alibadilishana zamu na mwenzake. Binti alimwambia, "Njoo, lakini ukae nje." Hakumwambia ameamua nini, na mama hakuuliza, kuuliza kwake kulikuwa kumetosha. Walikwenda kimya mpaka kwenye jengo lenye korido ndefu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa vibaya, mama aliona, nta imeachwa madoa madoa. Pembeni mwa mlango palikuwa na benchi, na juu ya benchi dirisha la vioo vya kupangwa, vingine vimevunjika. Ukiketi ukiinua shingo, unaona ubao na nusu ya meza.

Aliketi akafumba macho asali, na akagundua hajui aombe nini. Akiomba mtoto apite, ni kama anamwomba Mungu afunike tundu kwa mkono wake. Akiomba mtoto aseme kweli, anaomba mtoto wake mwenyewe afukuzwe. Akabaki anawataja tu, huyu na yule, kwa pumzi moja, bila ombi.

Sauti ya binti ilianza. Haikutetemeka. Kundi. Kundi dogo. Mafungu.

"Kwa nini yana ukubwa mmoja?" sauti ya mzee, imechoka, kavu.

Binti akaeleza kwa nini.

"Kwa nini hayagusani?"

Akaeleza. Mama akainua shingo. Alimwona binti yake amesimama wima mbele ya watu wawili, shingo imenyooka, chaki haichezi mkononi, na furaha ikamjia ghafla, furaha isiyo na mahali pa kukaa. Mhadhiri mgeni alikuwa anatazama saa. Mzee alikuwa na kalamu tayari juu ya karatasi.

"Tunachukua mwakilishi yeyote," binti akasema. Sauti ikapanda.

"Kwa nini yeyote?" mzee akauliza, hata hakuinua macho.

Mkono wa binti ukaenda kwenye kifutio. Ukakifikia, ukakishika. Mama alishika ukingo wa benchi. Na kwa muda ule mfupi, Mungu ni shahidi, moyo wake haukumtaka mtoto aseme kweli. Ulisema: futa, mwanangu. Futa upite.

Binti akaacha kifutio.

"Hapo sina jibu, mwalimu."

Kalamu ikasimama. "Unasemaje?"

"Nilikuwa namchagua anayenifaa. Ukimchagua mwingine, hatua hii haisimami. Naweza kuwaonyesha." Akachora maduara matatu ubaoni, akayahamisha mara moja, akayahamisha mara ya pili, akiongea polepole, na mama hakuhitaji kuona vikombe kujua kile cha bati kimeishia wapi.

Halafu mgeni akasema, "Kwa hiyo uthibitisho wako umeanguka."

"Umeanguka."

"Una mwingine?"

"Sina. Nimeutafuta, sikuupata."

Alitoka akiwa na unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mama yake, akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Nanawa," akaelekea bombani, mwisho wa korido. Mama alisimama amfuate, lakini mlango ukafunguka tena na yule mzee mwembamba akatoka, amekumbatia makaratasi kifuani.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ni mimi, mwalimu."

Mzee alitaka kupita, akasita. Kwa karibu alionekana mchovu sana, kola imechakaa, na mama alimwona ni mtu anayelala vibaya.

"Binti yako ameongea vizuri," akasema. "Nakwambia jambo ambalo labda singepaswa. Pale aliposimama, mimi nilikuwa sijaona. Nilikuwa nauliza kwa mazoea tu. Kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika alama."

Mama alihisi sakafu chini ya viatu vyake. "Kwa hiyo kama angeendelea?"

"Angepita."

"Na sasa?"

"Sasa amenionyesha mwenyewe kwamba hajathibitisha. Siwezi kuandika kwamba amethibitisha. Nimezungumza na mwenzangu mle ndani, nimemwomba. Hakukubali, na kusema kweli nami sikuwa na hoja." Akahamisha makaratasi kutoka mkono huu hadi mkono ule. "Miaka yote nimewafundisha wafanye hivyo alivyofanya. Na anayefanya ndiye ninayemfukuza." Alionekana kama anangoja mama aseme neno, la kumlaumu au la kumwondolea mzigo. Mzee akainamisha kichwa, akaenda zake.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa mwanawe wa kiume. Nyuma yake msumeno wa kukatia vyuma ulikuwa unalia.

"Mama, vipi? Profesa amepita?"

"Hajapita, baba."

Msumeno ukalia, ukalia. "Alisimama pale pale?"

"Pale pale. Alisema mwenyewe."

"Na yule mzee je?" Sauti ya kijana ilikuwa imeshuka, karibu inabembeleza. "Alikuwa ameshaliona tundu, au vipi? Si angeliona tu hata angenyamaza?"

Mama akaelewa anachoombwa. Neno moja tu, ndiyo, angeliona, na kijana angeweza kulala. Lisingekuwa kosa la dada yake, wala la mama yao, wala miaka yake ya nje ya mlango isingekuwa imemwagwa kwa swali la jioni moja. Ingekuwa hapakuwa na namna nyingine. Lilikuwa neno dogo, la huruma, na hakuna ambaye angejua. Bombani binti alikuwa ameinama, anajimwagia maji usoni.

"Hakuliona," mama akasema. "Angepita. Mwenyewe kaniambia sasa hivi."

Upande wa pili mtu aliita, "Fundi! We fundi!" na hakuitikiwa. Msumeno ukazimwa.

"Mama."

"Naam, baba."

Kijana alivuta pumzi, ikasikika yote. "Mpe simu Profesa."

Akaivuka ile korido, akampa. Binti alijipangusa mikono kwenye sketi, akaipokea simu, akageuka kuelekea ukutani. Mama alisimama kando na begi la vitabu. Hakusikia kijana alisema nini. Alisikia binti akijibu, "Ndiyo, kaka." Kisha alisikia maji ya bomba, ambalo halikufungwa vizuri, yakidondoka. Kisha tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Ndiyo. Jioni nitakuonyesha kwa vikombe."